Sekunde Arobaini za Fundi Wembe

Kwenye redio ya taifa walimwita Wembe, naye hakulikataa jina. Enzi hizo hotuba zilirekodiwa kwenye kanda, na ukitaka kuondoa neno ulilazimika kuikata kanda kwa wembe, kisha kuiunga kwa gundi. Hakuna aliyekuwa na mkono mwepesi kama wake. Kiongozi akikohoa, Wembe alikitoa kikohozi. Kiongozi akirudia sentensi, ikabaki moja. Palipopwaya alichomeka makofi, maana alikuwa na mkebe mzima wa makofi: ya adabu, ya furaha, na yale ya kusimama. Wenzake walimtania kwamba siku akifa, mkewe atamchomekea kilio kutoka kwenye mkebe huo. Alicheka nao. Kazi aliipenda, na nyumba waliyompa kazini aliipenda zaidi.

Sasa Kiongozi amekufa, mzee sana, kitandani mwake, na nchi nzima imegeuka mizani. Huyu anasema bila yeye tungekuwa bado tunawavulia wakoloni kofia. Yule anasema aliwafukuza wakoloni akabaki na funguo za jela zao. Wote wawili wanasema kweli, ndiyo maana hawaelewani. Wembe, mstaafu wa miaka sabini na miwili, aliwasikiliza kinyozini bila kutia neno, na watu wakadhani ni busara. Haikuwa busara hata chembe.

Siku ya tatu ya maombolezo redio ikamwita. Kanda za zamani zilijaa chumba kizima, na hakuna kijana aliyejua kuzicheza. Mtayarishaji wa vipindi, binti wa umri wa mjukuu wake, alimpokea mlangoni.

"Shikamoo baba. Tunaandaa kipindi cha kumpima Kiongozi, mazuri yake na mabaya yake. Tusaidie tu kuzipata hotuba."

"Marahaba. Zipo, nitawatafutia."

Kufika mchana, nyuma ya rafu ya chini, akakutana na alichokuwa anakiogopa tangu aingie: boksi dogo aliloliandika mwenyewe "Mabaki". Mafundi wa zamani hawakutupa vipande walivyokata, kwani huwezi kujua, mkubwa anaweza kubadili mawazo. Kipande alichokifikiria kilikuwamo. Hakuhitaji kukisikiliza ili akijue.

Kilitoka kwenye ufunguzi wa kiwanda, miaka thelathini na mmoja iliyopita. Katikati ya hotuba, mwanamke alisimama mbele kabisa, akataja jina la mumewe na la ukoo, akapaza sauti: "Mume wangu alichukuliwa na watu wako. Yuko wapi?" Mwanamke huyo alikuwa shemeji yake Wembe. Mume aliyeuliziwa alikuwa kaka yake, tumbo moja, mpiga chapa aliyekamatwa kwa kuchapisha karatasi za wagomaji. Kiongozi akasema: "Jina lake liandikwe, dada. Nataka jibu kabla ya Ijumaa."

Alasiri ile Wembe alibaki peke yake na kanda. Jina la ukoo lililotajwa lilikuwa lake pia. Aliona kazi ikiota mbawa, akaona virago vyake vikitupwa nje ya nyumba. Akakata sekunde arobaini, akachomeka makofi ya furaha. Na wakati ule maofisa walifanya kazi kwa kutega sikio redioni: ahadi iliyotangazwa walikimbia kuitimiza, isiyotangazwa walijua Kiongozi ameifuta. Ijumaa ikapita. Kaka hakurudi mpaka leo.

Shemeji aliporudi akawaambia watu Kiongozi amemwahidi mbele ya umati. Wakamjibu, sisi tumesikiliza redio, mbona hatukusikia? Waliokuwapo kiwandani walijua faida ya kufunga mdomo. Wakambandika jina la Mama Ahadi, na hata wakwe zake wakalizoea. Siku moja walimtania shemeji hivyo, Wembe akiwapo, naye, Mungu amsamehe, akacheka.

Basi akaazima mashine, akakipeleka kipande nyumbani kwa shemeji. Alimkuta uani akianua nguo. Akamwekea kiti, akamchezea kanda bila kueleza kitu. Aliposikia sauti yake ya ujanani, mwanamke aliziweka nguo chini polepole. Kanda ilipokwisha akamgeukia.

"Nani aliikata?"

"Mimi, shemeji."

"Nani alikutuma?"

Hapo uongo ulikuwa umeshaiva mdomoni. Wiki ile nchi nzima ilikuwa inamtwika marehemu kila kitu. Mzigo mmoja zaidi nani angeuona? Maiti hana pa kukanushia.

"Yeye," akasema. "Amri ilitoka juu."

Shemeji akamshika mkono. "Pole, shemeji yangu. Kumbe nawe walikutesa. Si ungeniambia, tukalia wote?"

Angemtukana, angevumilia. Angemfukuza, angeondoka. Lakini kupewa pole na mwanamke huyo, kwa jambo hilo, kulimpandisha aibu mpaka masikio yakamwaka. Akauchomoa mkono wake.

"Nimekudanganya. Hakuna aliyeniagiza. Hakuna hata aliyejua. Niliogopa kunyang'anywa nyumba."

Shemeji akasimama. Hakulia.

"Yeye kasema aandikwe, wewe ukamfuta."

"Ndiyo."

"Ndugu yako."

"Ndiyo."

"Kumfunga mume wangu ni la yule, na sitamsamehe hata akizikwa mara saba. Lakini kunifanya mwongo miaka yote hii ni lako." Akainama kuokota nguo zake. "Waliniita mwongo kwa sababu ya redio. Nenda huko redioni."

Kesho yake alienda. Miaka thelathini na minne ya kazi hakuwahi kukaa mbele ya kipaza sauti. Binti alizirusha zile sekunde arobaini hewani, nzima, kisha akamgeukia.

"Baba, wewe umeisikiliza sauti yake kuliko mtu yeyote. Tuambie, Kiongozi alikuwa mtu wa namna gani?"

"Hilo waulize wengine, mwanangu," Wembe akasema. "Huyo anayeuliza hapo ni mke wa kaka yangu. Aliyeikata sauti yake ni mimi, kwa hofu yangu, sikutumwa. Halafu watu walipomwita mwongo, nilicheka nao."