Friji Isiyoguswa

Kitangari nzima ilijua kuwa friji ya Mama Huruma haiguswi. Zamani ilikuwa ikiguswa, tena sana, kwa sababu Evelina, hilo ndilo jina lake mwenyewe, alikuwa akiuza barafu na maji baridi dirishani kwake. Kisha binti yake Huruma, akiwa darasa la tano, akaanza kukonda na kunywa maji kupita kiasi. Huku kwenye uwanda wa juu, ambako maji hununuliwa kwa dumu, unywaji wa namna hiyo haujifichi. Hospitali wakasema ni kisukari, kile cha kuchoma sindano kila siku ya maisha. Biashara ya barafu ikafa siku hiyohiyo.

Muuguzi alimweleza vizuri. Dawa hii joto huiua, na kuganda nako huiua, tena ikishaganda na kuyeyuka unaweza kuitazama usione tofauti. Evelina akayashika yote mawili, akarudi nyumbani kuipanga friji upya. Juu, penye barafu, aliweka chupa za maji yaliyoganda, ziwe akiba ya baridi umeme ukikatika. Rafu ya katikati ikawa ya kopo la siagi lenye vichupa vya dawa. Mboga na viporo vikakaa chini kabisa, vimefunikwa. Kila Jumamosi aliifuta ndani kwa kitambaa chenye maji na magadi, akausugua mpira wa mlango kwa kidole, maana mpira wenye uchafu haushiki.

Sheria ya mlango ilikuwa moja: anayefungua ni yeye peke yake. Huruma mwenyewe alipewa dawa mkononi. Jirani aliyeleta samaki wake wahifadhiwe alirudi nao, akapita akisema kuwa fulani amepata friji amesahau watu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hao waliosema hawakujua kulala sikio likiwa wazi, unasikiliza kama mtoto bado anahema.

Sheria alizitangaza, lakini sababu alibaki nazo moyoni, kana kwamba amri peke yake inatosha kulinda nyumba. Mama yake mzazi, Bibi Anjelina, aliyekuwa akiishi nao, siku moja alifungua friji atoe nyanya. Evelina akamkaripia mbele ya wageni. Bibi aliomba radhi, mtu mzima wa kumzaa, akaenda kukaa barazani.

Desemba mtoto wa mdogo wake Rose alikuwa anatoka unyago huko Chiwata. Kwenye ngoma kama hiyo mama mkubwa wa mwali hakosi. Akikosa, ukoo mzima utamuuliza. Evelina akaondoka na Huruma, na kichupa kimoja kilichokwisha funguliwa akakibeba ndani ya chungu kidogo kilichozungushiwa kitambaa kibichi. Vichupa vipya vilibaki kwenye friji. Bibi hakuwa na miguu ya safari, akabaki kulinda nyumba.

Waliporudi, majirani walisema umeme ulikatika kuanzia asubuhi ya siku waliyoondoka ukarudi jioni. Evelina hata mizigo hakuitua. Alifungua friji, akagusa kopo, likawa na baridi. Kila kitu mahali pake. Bibi alikuwa amesimama mlangoni akimtazama, na alipoulizwa akasema hapana neno, vyote viko salama. Evelina akamshukuru Mungu kwa sauti.

Kichupa cha safari kilipokwisha wakaanza vile vipya. Haikupita wiki Huruma akarudia kunywa maji, akarudia kukojoa ovyo, macho yakaingia ndani. Evelina alimchoma sindano kama kawaida, kwa saa zake, kipimo chake, asielewe. Akakumbuka soda na maandazi ya kule ngomani, akamshuku mtoto kuwa amepata tamaa na sasa anakula vitamu kwa siri. Huruma alilia akaapa kwamba hajala kitu. Mama yake akamwita mwongo. Hilo neno lilikuja kumla baadaye kuliko yote.

Alipoanza kutapika na kuhema kwa nguvu, walimpakia bodaboda, katikati ya dereva na mama yake, hadi hospitali. Daktari alipoambiwa sindano haikukosekana hata siku moja, akauliza dawa ilihifadhiwa wapi, na kama inawezekana iliganda.

"Friji yangu haifunguliwi na mtu," Evelina akamjibu. Alisema hivyo kwa fahari, hata katika hali ile.

Wakamtundikia maji, wakampa dawa ya pale hospitali. Lakini alikuwa amefika amechelewa. Huruma alifariki kesho yake mchana, mama yake akimpepea kwa kipande cha boksi.

Matanga yalipokwisha na watu kutawanyika, Evelina aliketi jikoni na mama yake wakichambua mboga ambayo hakuna aliyekuwa na hamu nayo. Bibi Anjelina, ambaye ujana wake wote aliuza samaki sokoni Newala, samaki waliopandishwa kutoka Mtwara ndani ya barafu, alijua sheria moja tu ya vitu vinavyooza. Akaanza kusema taratibu, bila kuinua uso.

"Mwanangu, Mungu amepanga, lakini dawa za mjukuu wangu mimi nilizipigania. Siku ile umeme ulipokatika nilizihamishia juu, kwenye zile chupa za barafu. Umeme ukarudi zikaganda vizuri kabisa. Asubuhi nikazirudisha mahali pake. Sikukwambia, ulishanikataza kugusa."

Evelina aliuona uso wa daktari, akalisikia jibu lake mwenyewe. Hasira ilimpanda, kali, ikatafuta wa kumwangukia, ikamkuta yeye mwenyewe. Alikuwa na neno ambalo lingemuua kizee yule palepale alipoketi, na lilikuwa neno la kweli.

"Ulifanya vizuri, Mama," akasema.

Bibi akashusha pumzi, akavuta fungu jingine la mboga. Akasema kumbe alikuwa anaogopa bure.