Shikamoo Nilizokula kwa Dhuluma

Hadi sasa natafuta pa kuficha hiki kipara changu. Kwenye kiwanda chetu kidogo cha jibini hapa Lushoto nilikabidhiwa Esperansi, fundi jibini kutoka Kongo, nimzoeshe hadi athibitishwe kazini. Jibini aliijua vizuri. Shida ilikuwa salamu: mabibi wa Kishambaa wanaotuletea maziwa aliwaambia "Jambo!", nao wakanuna.

Nikamkalisha chini. "Binti, hapa wakubwa zako wape shikamoo. Anza na mimi."

Basi kila asubuhi, "Shikamoo, mwalimu." Nami nikiutazama uso wake laini na jinzi yake, naifanya sauti nzito kama mzee wa kanisa: "Marahaba, mwanangu!"

Juzi akathibitishwa. Tunapiga vigelegele na kukata jibini, mara akaingia jamaa mwenye mvi, rika langu kabisa.

"Mwalimu," akasema Esperansi, "huyu ni kifungua mimba wangu."

Wote wakanigeukia. Nikababaika, "Sasa... zile shikamoo zote?"

"Si ulisema nianze na wewe?"

Nikamwinamia Esperansi mbele ya mabibi wa maziwa. "Shikamoo, mama."

Akakipapasa kipara changu, akaifanya sauti nzito vilevile: "Marahaba, mwanangu!"