Mtu wa Ubalozi Kwenye Kiti cha Nyuma

Niliamini kabisa kwamba kila anayetetea tasnifu ya mambo ya usalama lazima asikilizwe na mtu wa ubalozi, na kwamba ukiisema vibaya nchi yake, hutapanda ndege tena maishani, hata ya kwenda Kisumu. Tulikuwa tukiambiana hivyo katika masomo ya jioni pale Ruiru, watu wazima tumetoka kazini tunasinzia, na hakuna aliyecheka.

Utafiti wangu wa uzamifu ulihusu hofu ya ugaidi: jinsi inavyoamuliwa katika miji mikuu ya mbali, kisha inafika mpaka mlangoni pa kanisa huku Ngoingwa, ambapo wahudumu hupekua mikoba ya kina mama. Sura ya nne ilizilaumu serikali za nje waziwazi. Ndiyo niliyoipenda, na ndiyo iliyoninyima usingizi.

Nilimweleza Mama habari za mtu wa ubalozi, naye akazipeleka kwenye maombi ya kina mama. Wiki hiyo sidhani kuna balozi aliyelala vizuri Nairobi.

Siku ya utetezi nikaingia, na kweli, nyuma kabisa ameketi mzee wa suti ya kijivu na miwani nyeusi. Hana kalamu, hana karatasi, uso umenielekea mimi tu. Nikatoa jasho la kumwagilia mananasi yote ya Thika.

Mtahini akauliza, "Hiyo sura ya nne, bado unaisimamia?"

Nilikuwa nimepanga kujibu kwamba inaweza kulegezwa kidogo. Lakini akilini nikamwona Mama pale mlangoni pa kanisa, Biblia na leso zimetolewa nje, na anayempekua ni jirani yake wa miaka yote, anayezijua hata sufuria zake, akimwomba radhi huku mkono uko ndani ya mkoba.

"Naisimamia," nikasema. "Yote."

Nikaieleza mpaka mwisho. Yule mzee akapiga mwayo. Nikaziaga ndege.

Waliponiita tena ndani nilikuwa nimepita, marekebisho madogo tu. Watu wananipa mkono, mimi macho yangu yako nyuma. Nikamvuta kando msimamizi wangu, mama wa maneno machache, nikamuuliza kwa kunong'ona kama yule wa ubalozi amekasirika sana.

Akageuka, akamtazama.

"Ubalozi gani? Huyo ni mume wangu. Amefanyiwa upasuaji wa macho, ananingoja nimpeleke nyumbani Kimbo."