Mama Yake Kipaza Kashaenda Shamba

Usiniulize dereva mzima wa serikali anaogopaje mlio wa bunduki. Naogopa, basi. Ofisini wananiita Taratibu, na si kwa sababu ya mwendo wa gari peke yake. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na mimi nilishachagua zamani kipi kije kwangu.

Kwa hiyo habari hii si yangu. Ni ya dada mmoja wa ofisi ya ardhi ya jimbo ambaye mtaa mzima ulimwita Kipaza. Mwili kiduchu, sauti ya kuamsha wafu. Kila asubuhi alipiga simu kambini, akamuuliza kapteni wa uhusiano kama siku hiyo jeshi linalenga shabaha. Kisha alipanda gari langu, pikapu lenye spika juu ya paa, tukazunguka kuwatangazia watu waende mashambani au wabaki nyumbani.

Maana mashamba yenyewe yalikuwa ndani ya uwanja wa shabaha. Ndiyo, umesikia vizuri. Watu walilima pale kabla kambi haijajengwa. Jeshi likasema linaitaka ardhi, jimbo likauliza watu watakwenda wapi, wakakaa vikao, wakanywa chai, wakaafikiana: siku za mizinga ni za jeshi, siku nyingine ni za majembe. Mizinga inapigwa kutoka upande wa kambi, inapita juu ya mahindi, inaangukia mlimani ng'ambo ya pili. Isipopungukiwa nguvu njiani. Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi. Hawa wetu hawakupigana, walielewana vizuri tu, na nyasi tukawa sisi vilevile.

Kipaza aliishi na mama yake katika nyumba ya mwisho, inayopakana na njia ya bondeni. Mume hakuwa naye. Ukimuuliza anakujibu, "Mwanamume gani atakubali kutangaziwa kwamba chakula kiko mezani?" Mama yake tulimwita Bi Mkubwa, sote, hata waliomzidi umri. Asubuhi, kabla sijafika na gari, Kipaza alikuwa ameshapiga simu kambini akiwa jikoni, na wakinywa chai anamwambia mama yake: leo nenda, au leo tulia. Hapo ndipo kosa lilipoanzia, ingawa sijui nani angeliita kosa. Mtoto kumwambia mama yake!

Wanawake wa mtaa ule walikuwa wameacha kusikiliza spika. Walichungulia mlango wa Bi Mkubwa. Akitoka na jembe, wanatoka. Akianika nguo, nao wanafua. Sisi tunapita na "Ndugu wananchi, mnatangaziwa," wao wanatupungia mkono kama tunapeleka bibi harusi.

"Unaona?" nilimchokoza siku moja. "Serikali ni mama yako. Sisi wapiga debe wake tu."

"Funga mdomo uendeshe gari," akasema, lakini alikuwa anacheka. Alijisikia vizuri, nadhani. Nani hafurahi mama yake akiaminiwa?

Basi, kamati ya pamoja ya jimbo na jeshi ikakutana makao makuu. Kipaza akaitwa kwenda kutoa taarifa, akalala hukohuko kwa mama yake mdogo. Kikaoni wanajeshi wakaomba kubadilisha ratiba kidogo: siku inayofuata, iliyokuwa ya majembe, iwe ya mizinga. Jimbo likasema hakuna tatizo. Ofisini kwetu tukapigiwa simu, na alfajiri nikamzungusha bwana wa masijala, akatangaza kwa Kiswahili safi cha redioni, kila kona, hata mbele ya mlango wa Bi Mkubwa. Nilimwona kwa macho yangu, amesimama kizingitini na kikombe mkononi. Akatupungia mkono. Nikajua kazi imekwisha, nikaenda stendi kumpokea Kipaza.

Njiani alikuwa ananiigizia wakubwa wa kikao, jinsi kanali anavyosinzia jicho moja liko wazi, mimi nacheka hadi usukani unayumba. Tulipoingia mtaani akaacha kuigiza, akachungulia dirishani. Bombani hapakuwa na mtu. Kamba za nguo zilikuwa tupu.

"Watu wako wapi?"

"Wako ndani. Si kuna mizinga?"

"Siku ya mizinga hawakai ndani, Taratibu. Siku ya mizinga wanafua."

Aliruka gari likiwa bado linatembea. Mlango wa kwao ulikuwa umefungwa komeo kwa nje. Jirani yao, bibi mmoja mwenye mguu mbovu, alitoa kichwa dirishani.

"Mama yako kashaenda shamba, mwanangu. Na wenzake wote."

"Hamkusikia tangazo?"

"Tulisikia bwana mmoja anapayuka. Mama yako akasema, huyo si mwanangu, na leo ni siku yetu. Lingekuwapo neno, mwanangu angenipigia mwenyewe."

Kipaza alishika ukuta. Uso ulimwisha damu nikimtazama.

"Sikumpigia," aliniambia. "Nilikaa na simu mkononi, nikasema tangazo litatolewa, mama ni mwananchi kama wananchi wengine. Ee Mungu wangu. Sikumpigia."

Mama yake mwenyewe hakubeba simu shambani, aliogopa itaingia udongo. Tukampigia kapteni: imezimwa, maana uwanjani hawaruhusiwi simu. Tukampigia mkurugenzi wetu wa jimbo. Alipokea, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekaa kwenye kiti kizuri.

"Dada, tulia kwanza. Jimbo haliwezi kusitisha mazoezi. Jimbo linamwomba kamanda, kamanda ndiye anasitisha. Nipe muda kidogo niwasiliane nao."

"Muda wa nini, mkurugenzi? Mama yangu yumo!"

"Usipandishe sauti."

Tukakimbiza gari hadi lango la uwanja wa shabaha. Ndani yake bendera nyekundu ya hatari ilikuwa juu, inapepea vizuri. Askari wa zamu alitusikiliza, tena kwa adabu, akasema uwanja ulikaguliwa alfajiri ukakutwa mtupu. Kipaza akamwambia wameingia baadaye, kwa njia ya bondeni. Yule askari akabadilika macho. Akashika redio yake ya upepo, akaeleza, akarudia, na kule ndani sauti ikajibu neno moja tu: subiri.

Ndipo ukalia mzinga wa kwanza.

"Zunguka," akasema Kipaza. "Njia ya bondeni."

"Dada, bendera iko juu."

"Nimeiona."

"Mimi nina watoto, dada."

"Basi shuka. Nipe ufunguo."

Kuendesha gari hajui. Hata baiskeli hajui. Nikawasha, na tafadhali usinipe sifa ya bure: niliwasha kwa sababu niliogopa zaidi kubaki pale nikimtazama anakwenda kwa miguu. Miguu yangu ilikuwa inacheza kwenye pedeli, gari linarukaruka kama la mwanafunzi. Wa pili ulipita juu yetu, sauti yake kama mtu anachana shuka kubwa, halafu mlima ukatikisika. Nilikuwa nasali kwa sauti, nachanganya sala zote ninazozijua.

Tulipofika kwenye mahindi hatukuona mtu. Mahindi yalikuwa yamezidi kimo chetu. Kipaza akachukua kipaza sauti.

"Ndugu wananchi, mnatangaziwa kuondoka mashambani mara moja. Ndugu wananchi..."

Hakuna jani lililotikisika. Nikaelewa, na yeye akaelewa. Miaka yote alikuwa akiwafundisha kwa spika hiyohiyo: ukikutwa na mlio, lala chini, usiinuke. Wakawa wamelala kwenye matuta, vifudifudi, wamejifunika vichwa kwa mikono, kila mtu peke yake na woga wake. Akarudia tangazo. Akarudia tena. Wa tatu ukapungukiwa nguvu njiani. Uliangukia pembeni ya mashamba, udongo ukanyesha juu ya bati la gari, na mimi nikajilowesha. Ndiyo, nimesema.

Hapo sauti ya Kipaza ikakatika. Ilipotoka tena ilikuwa sauti nyingine.

"Mama! Mama wee! Mama, njoo! Mama, naogopa!"

Haikuwa tena sauti ya jimbo. Ilikuwa ya mtoto aliyepotea sokoni, imejaa bonde zima. Mahindi yakatikisika huku, yakatikisika kule, wakainuka. Wote! Kila mmoja alikuwa na mtoto mahali fulani. Walikuja mbio wakiwa na tope usoni, wengine hawana viatu, wakarukia nyuma ya gari. Bi Mkubwa ndiye aliyekuja mwisho, kichwa wazi, anawasukuma wenzake mbele na kuwaita mmojammoja. "Mke wa fundi yuko? Mama pacha yuko? Mama pacha! Itika basi!" Hakupanda mpaka wote walipoitika. Alipopanda akauma ncha ya nguo yake ili asipige kelele.

Mizinga ilinyamaza tukiwa tumeshatoka bondeni. Labda ile redio ya askari ilisikika hatimaye. Hakufa mtu. Kamati ikakutana tena, ikaona kwamba utaratibu ulifuatwa na pande zote mbili, ikaazimia gari letu liongezwe spika ya pili.

Siku ya majembe ikarudi. Kapteni alimwambia Kipaza kwenye simu, "Leo hakuna kitu, dada yangu, nakuhakikishia." Tukafika mtaani na spika zetu mbili. Wanawake walikuwa wamesimama milangoni. Lakini safari hii hawakumtazama Bi Mkubwa. Alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akiwaambia, "Mimi msinifuate tena, hata chooni. Msikilizeni mwanangu." Mwenyewe alisimama na jembe lake, anatutazama kama wengine.

Kipaza akabonyeza kitufe. Neno halikutoka. Mtaa mzima ukawa unasikia pumzi yake.

"Sema basi, mwanangu," akasema mama yake. "Twende, tusiende?"

Akazima. "Mimi sijui, Taratibu," aliniambia, machozi yanamshuka. "Najua alichoniambia kapteni kwenye simu tu. Miaka yote hii nilikuwa nawaambia kitu nisichokijua."

Akashuka, akachukua jembe mkononi mwa mama yake, akaishika njia ya bondeni. Nikawasha gari nikamfuata nyumanyuma, gia ya kwanza, sijui hata nilitumwa na nani.

Katikati ya njia nikatazama kioo. Hakuna aliyetufuata. Bi Mkubwa alikuwa amekaa chini barabarani, anapiga ardhi kwa viganja. "Rudi, mwanangu! Yaache mahindi yaoze! Rudi nyumbani!"

Kipaza hakugeuka. Alifika shambani kwao, akaanza kupalilia tuta la kwanza, na kila baada ya jembe moja aliinua kichwa kutazama upande wa kambi.