Anwani Aliyoikumbuka Ombeni

Tabita Nzowa alikuwa karani katika ofisi ya uwakala wa forodha pale Tunduma, ghorofani, juu ya duka la vipuri vya malori. Dirisha la meza yake lilitazama foleni. Malori ya kwenda Zambia na Kongo yalisimama pale mchana kutwa yakisogea kwa hatua za kinyonga, na madereva walipanda ngazi wakiwa na bahasha zao kuuliza kama karatasi zimetoka. Wazambia walimsalimia kwa Kibemba, naye akawajibu kwa hicho hicho kidogo alichokiokota kazini. Kazi yake kubwa ilikuwa barua pepe. Mzigo haukuvuka bila barua kwenda Dar es Salaam, nyingine Ndola, nyingine kwa mwenye mali ambaye kila saa alitaka kujua lori lake limefika wapi.

Ofisi ilikuwa ya watu wawili, Mika Silwimba na Watson Sichone, na kwa kukata majina yao wakaiita Silisi. Anwani ya Tabita ilikuwa jina lake tu, ikifuatiwa na jina hilo la kampuni. Ilikuwa fupi hata mtu angeweza kuandikiwa kiganjani.

Kwao ni Ihanda, huko Mbozi kwenye kahawa. Baba yao alifariki Tabita akiwa binti wa shule na mdogo wake Ombeni akiwa bado anabebwa mgongoni, na mgongo uliombeba ulikuwa zaidi wa Tabita kuliko wa mama, kwa maana mama alikuwa shambani. Alipopata kazi Tunduma alimchukua Ombeni akakaa naye mtaa wa Sogea, akamsomesha mpaka kidato cha nne. Baada ya hapo kijana alijaribu bodaboda, akajaribu kubadilisha kwacha mpakani, hakuna kilichoshika. Siku moja akapanda lori la kuelekea kusini. Hakuaga nyumbani Ihanda. Alimuaga Tabita, tena akiwa tayari ameshavuka, kwa simu.

Alipiga kutoka Lusaka, akapiga kutoka Harare, akapiga akiwa Afrika Kusini. Kisha akanyamaza miezi mingi. Tabita alipiga namba yake hadi sauti ya yule mwanamke wa mashine akaizoea kama ya jirani. Ndipo asubuhi moja, katikati ya barua za mizigo, ikaingia barua kutoka kwa mtu asiyemjua, na ndani yake imeandikwa hivi:

"Dada, ni mimi Ombeni. Natumia anwani ya rafiki. Simu nimenyang'anywa, namba zote zimekwenda nayo, yako siikumbuki. Hii anwani ndiyo iliyobaki kichwani, kwa sababu ni jina lako na lile jina la kwenye kibao cha ofisini kwenu. Usiibadilishe."

Tabita alimjibu papo hapo, akamtumia namba yake. Ombeni akapata simu nyingine, akapiga mara mbili. Halafu simu ile nayo ikapotea, na alipojitokeza tena alijitokeza kwa barua, safari hii kutoka anwani ya mchungaji aliyemhifadhi. "Namba nazipoteza, dada," aliandika. "Hii siipotezi." Ikawa ndiyo desturi yao. Barua zilikuja moja moja, kwa mwaka labda mbili, na kila moja ilitoka kwenye anwani ya mtu mwingine. Tabita alizitengea folda yake ndani ya kompyuta, pembeni ya folda za mizigo, na kila ilipoingia mpya aliichapa kwenye karatasi akaipeleka Ihanda kumsomea mama.

Ya mwisho ilisema kwamba wenye mji wanakamata wasio na vibali, kwa hiyo yeye na wenzake wanahama. Alimalizia, "Nikifika ninakokwenda nitakuandikia."

Hiyo ilikuwa miaka mitatu iliyopita. Tabita alikuwa ameandika kwa wote waliomwazima Ombeni anwani zao. Mmoja hakujibu kabisa. Barua ya mwingine ilirudi. Mchungaji alijibu kwa upole kwamba kijana aliondoka na wengine na hajasikia habari zake, naye anaendelea kumwombea. Kwa hiyo Tabita alibaki na jambo moja la kufanya, nalo ni kufungua kompyuta kila asubuhi na kutazama.

Wakati huohuo Mika na Watson walikuwa hawasalimiani tena. Ugomvi wao ulianza chini kwa chini, ukapanda mpaka wateja wakaujua, mwishoni wakaenda kwa wakili wakagawana. Watson alibaki na ofisi na wafanyakazi. Mika alichukua jina, akavuka nalo kwenda kufungua ofisi yake Nakonde, upande wa Zambia. Fundi akaja akakichomoa kile kibao cha Silisi, akaweka kingine.

Tabita hakuliwazia sana jambo la jina. Aliona ni mambo ya wakubwa. Mpaka Jumatatu moja alipofungua kompyuta, programu ya barua ikazunguka, ikazunguka, ikagoma kufunguka.

Watson alimwita Sadoki, fundi wa kompyuta kutoka Vwawa, mtu mzima mtaratibu aliyezoea kufanya kazi huku akiongea. Alikaa kwenye kiti cha Tabita, Tabita akasimama nyuma yake.

"Profaili yako imeharibika, Mama Goodness," alisema, akimwita kwa jina la bintiye kama ofisi nzima ilivyomwita. "Lakini usiogope. Profaili ni kama mlango tu. Vitu vyenyewe viko ndani, kwenye faili. Nakutengenezea profaili mpya yenye anwani mpya ya bosi, halafu naielekeza kwenye faili lile lile la zamani. Hutapoteza hata barua moja."

"Za zamani zote?"

"Zote. Bahati yako programu hii ilikuwa inazishusha barua na kuzihifadhi humu humu kwenye mashine. Zingekuwa kule kwenye mtandao tungekuwa tunaongea mengine."

Alilinakili kwanza faili kwenye diski yake ya pembeni, akasema fundi asiyefanya hivyo ni mwuaji. Akafungua mipangilio, akaunda profaili mpya, akaipa jina. Mashine ilipouliza kama aanze faili jipya au atumie lililopo, akachagua lililopo. Wakasubiri. Programu ikafunguka, na upande wa kushoto folda zikaanza kujipanga moja baada ya nyingine: Ndola, Kasumbalesa, Bandari, Ombeni.

Tabita aliinama akaomba kipanya, akaibofya ile folda. Barua zilikuwepo zote. Alivuta pumzi ambayo hata Sadoki aliisikia.

"Sasa anwani yako mpya ni hii hapa juu," Sadoki alisema. "Wajulishe wateja."

"Na ile ya zamani?"

"Ya zamani imekwisha."

"Imekwishaje? Si umesema hatupotezi kitu?"

"Hatupotezi zilizokwisha kuingia. Lakini kuingia kwa mpya, hilo ni jambo la mwenye jina la kampuni."

"Huwezi kuziweka zote mbili humu? Mpya itumike, ya zamani ibaki ikipokea tu?"

Sadoki alisema inawezekana, watu wengi wanafanya hivyo. Akajaribu. Akaandika anwani ya zamani na nywila ya Tabita, mashine ikakataa. Akajaribu tena polepole, herufi kwa herufi, Tabita akimsomea. Ikakataa. Akatoa simu yake akatuma barua kwenda ile anwani kuona itakuwaje, na haikuchukua muda ikamrudia.

"Imefungwa huko iliko," alisema. "Ndiyo maana hata profaili yako ilichanganyikiwa, nadhani. Nani ana hilo jina sasa?"

"Mika."

"Basi ni yeye tu. Mimi hapa sina mkono."

Tabita aliingia kwa Watson akamweleza. Watson alimsikiliza mpaka mwisho, kwa maana alimjua Ombeni, aliwahi hata kumtuma sokoni. Lakini uso wake ulifunga alipolisikia jina la mwenzake.

"Mama Goodness, siwezi kumwomba yule mtu kitu," alisema. "Nenda wewe. Sikukatazi."

Alikwenda siku hiyo hiyo, akavuka kwa miguu pamoja na wenye mikokoteni na akina mama wa nyanya. Ofisi ya Mika ilikuwa bado inanuka rangi. Mika alimpokea kwa furaha ya kweli, akamwagizia soda, akamuuliza habari za Ihanda. Tabita alipomwambia kilichomleta, alishika kichwa.

"Dada Tabita, kwa nini hukuniambia mapema? Zile anwani zote zimefutwa. Kijana anayenishughulikia mtandao yuko Lusaka, nilimwambia asafishe, aache zangu tu. Sikuwa na habari kabisa kwamba Ombeni anaandika huko."

"Anaweza kuirudisha? Hata kama sitaiona mimi. Ikiingia barua, itumwe kwangu."

"Hilo ni jambo dogo. Namwambia."

Alimwandikia yule kijana ujumbe pale pale, Tabita akiona. Akarudi Tunduma akiwa mwepesi. Kesho yake akajaribu kutuma barua kwenda kwenye jina lake la zamani, ikarudi. Akasema pengine kijana hajapata nafasi. Akajaribu siku iliyofuata, na wiki iliyofuata. Aliandika neno moja tu, "Jaribio", na kila mara likamrudia na maelezo yale yale ya Kiingereza kwamba mtu huyo hapatikani. Kulikuwa na uchungu wake kulisoma jina lako mwenyewe na kuambiwa hayupo.

Alivuka tena. Mika alikuwa safarini Kitwe. Alivuka mara ya tatu akamkuta, na safari hii hapakuwa na soda. Mika hakumtazama usoni.

"Nisikudanganye," alisema. "Kijana alikuwa tayari kuifanya. Ila wakili wangu anasema tulisaini mimi na Watson kwamba hakuna mtu wa ofisi yake atakayetumia jina langu tena, wala mimi kugusa wateja wake. Barua za mizigo zikiingia kwenye anwani ile, zikaja kwako, Watson anaweza kusema nimefanya hivi, na mimi nikasema yeye amefanya vile. Turudi mahakamani kwa ajili ya hiyo?"

"Ni ya mdogo wangu, kaka Mika. Hakuna mzigo."

"Najua. Mimi na wewe tunajua."

"Basi wewe uisome. Ikija ya Ombeni unipigie."

"Nani atakaa kuchambua barua za watu, dada? Zitaingia mia. Na hivi niseme ukweli, jina lenyewe ninaliacha. Wateja wa huku hawalijui. Mwaka ukiisha silipii tena ada yake ya mtandao."

Tabita alimshukuru, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa, akatoka. Hakuvuka mara moja. Alikaa kwenye ukuta mfupi pale nje, akatazama malori yanayokwenda kusini, yenye maturubai ya rangi zote. Dereva mmoja aliyemfahamu alimpungia mkono. Hakuinua wa kwake.

Kazini mambo yalikwenda vizuri, na hilo ndilo lililomchosha. Profaili mpya haikusumbua hata siku moja. Wateja waliizoea anwani mpya upesi. Watson alimsifia Sadoki kwa kila mtu kwamba amehamisha ofisi nzima bila kupoteza karatasi. Na folda ya Ombeni ilikaa pale pale kushoto na barua zake zote, hazipungui, hazizidi. Tabita aliifungua kila asubuhi kwa wiki kadhaa, kisha akaanza kuipita. Alijaribu na bintiye kumtafuta Ombeni kwenye mitandao kwa kutumia simu ya Goodness. Waliwapata akina Ombeni Nzowa wawili, mmoja mwalimu wa Mlowo, mwingine mtoto wa shule.

Msimu wa kuchuma kahawa alikwenda Ihanda kumsaidia mama. Walikuwa katika mistari miwili ya mibuni inayotazamana, kila mmoja na kikapu chake kiunoni, na mama akauliza kama alivyouliza kila alipomwona.

"Ombeni ameandika?"

Zamani jibu lilikuwa jepesi, hata lilipouma. Alisema "Hajaandika, mama," na ilikuwa kweli, na mama aliendelea na kazi yake. Sasa Tabita alisimama na kahawa mbivu kiganjani. Hakujua tena. Pengine Ombeni amefika alikokwenda. Pengine jana amekaa mbele ya kompyuta ya mtu, ameandika lile jina alilolibeba kichwani miaka yote, na mashine ikamjibu kwamba dada yake hayupo. Atasema nini moyoni mwake? Kwamba dada amekufa? Kwamba ameamua kumfungia?

"Mama," alisema, "ile anwani yangu aliyokuwa akiitumia imefungwa. Kampuni imevunjika. Hata akiandika sasa, hainifikii."

Mama hakukoma kuchuma. "Si umesema fundi aliziokoa barua?"

"Zile za zamani."

"Na hizi mpya nazo ataziokoa."

"Haziokoleki, mama. Haziingii kabisa."

Mama alichuma tawi lake mpaka likabaki na mbichi tu. Akaliachia, likaruka juu.

"Basi yeye ndiye aje," alisema. "Njia ya kuja hapa anaijua."

Tabita alikuwa ameona madereva waliorudi kutoka kusini, na alikuwa amewasikia wakisimulia habari za wasio na vibali. Alimwaga kikapu chake kwenye gunia. Kabla ya kulala alizisoma zile karatasi za zamani kwa sauti, kwa sababu mama alimwomba, na alipofika kwenye ile ya mwisho aliiruka, akasema ndizo zote.

Jumatatu alikuwa mezani kwake asubuhi mapema. Barua kumi na kitu zilikuwa zimeingia tangu Ijumaa, zote za mizigo. Alianza na ya Ndola.