Sukari Iliyolala Chini

Saa mbili asubuhi, Mchafukoge, jirani na Kariakoo. Zamda Haruna, 43, anabana kioo cha miwani kwenye mashine ya kusaga. Maji yanamrukia usoni, naye hana hata habari. Pembeni ya meza kuna tanki la kioo lililofunikwa kanga. Ndani yake mna maji ya sukari.

Kwa kusaga vioo hupata shilingi elfu kumi na mbili kwa siku. Tanki hilo ndilo lilikuwa limtoe hapa.

Alisoma fizikia chuoni hadi mwaka wa pili, baba yake akafariki, ada ikakatika. Hesabu hazikumwacha. Anazieleza kwa mfano wa mitaa ya Kariakoo.

"Mtu wa mkokoteni hapiti njia iliyonyooka, anapita panapomwahisha," anasema. "Sasa chora ramani nyingine. Mtaa wenye msongamano urefushe kadiri unavyokula muda. Ramani hiyo haikubali kulala bapa, inajikunja kama nguo iliyovutwa uzi. Lakini humo, njia ya yule bwana ndiyo fupi kuliko zote. Mwanga nao ni hivyohivyo ukipita kwenye kitu kisicho sawa kotekote."

Weka sukari ndani ya tanki, chini kabisa, mimina maji polepole, acha siku tatu bila kukoroga. Chini huwa mazito, juu mepesi. Ukipiga mwanga wa leza kutoka ubavuni, mstari wake hupinda kwenda chini, kama Zamda alivyokokotoa kwenye daftari lake.

Machi mwaka huu wahadhiri wawili walikubali kuja kuona. Wakiridhika, wangempigania arudi masomoni. Akawasha leza. Mstari ukanyooka kama rula.

"Nilitamani ardhi ipasuke," anasema.

Wageni walitazama saa zao, wakaaga, wakaondoka. Ndipo mwenye duka hili la miwani, mzee Abdulswamad, aliposema kwa upole: "Mwanangu, niliona sukari imelala chini, nikaona aibu mbele ya wageni. Nikakukorogea."

Waswahili husema tenda wema nenda zako. Mzee huyu alitenda wema akabaki palepale, akitabasamu.

Na ndiye aliyempa kazi ada ilipokatika. "Ningekuwa na adui, ningemtukana nikapumua," anasema Zamda. "Huyu nitamwambia nini?"

Amewaandikia wahadhiri mara tatu. Kimya. Hata hivyo kila Ijumaa huandaa tanki upya, na Jumatatu hupiga leza akatazama peke yake. Amelinunulia mfuniko wa kufuli.

"Wakija hata bila taarifa, watalikuta tayari," anasema.

Mzee anaingia na kikombe cha chai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kunywa, nimeshakukorogea."

Zamda anapokea kwa mikono miwili, kisha anageuka kuangalia kufuli.