Matusi ya Kupeleka Kaya

Anselme Zerbo ni Msamo, na Wasamo hula mbwa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo kubwa la kujua juu yake. Ni mwembamba, ana shingo ndefu, na akicheka anaonyesha pengo la meno anayodai yalivunjwa na teke la fahali, ingawa mji wetu mzima wa Kaya unajua ni mfupa wa mbwa. Sisi ni Wamosi. Wasamo ni watani wetu, maana yake ni watumwa wetu, na wao husema kinyume chake kwa sababu hawakufundishwa.

Alikaa Kaya miaka mingi akishona ngozi za viti vya baiskeli, chini ya kibanda kimoja na baba yangu, Tibila Zida, fundi baiskeli. Kila asubuhi, kabla ya kushika kazi, walitukanana mpaka wateja wakasahau kilichowaleta. Baba alikuwa akiminya tairi la baiskeli ya Zerbo kwa vidole viwili, anatema mate pembeni, kisha anasema tairi hili lina pumzi ya Kisamo, halifiki popote. Zerbo naye humuuliza kama leo amekula majani au punda wenzake wamemnyima. Mchana walikula sahani moja, chakula cha mama yangu, na Zerbo akilalamika kwamba ugali una mchanga huku akikomba bakuli.

Kulikuwa na tusi moja ambalo baba hakulichoka. Alisema Zerbo hawezi kuendesha baiskeli peke yake kutoka kwao Tougan hadi Kaya, maana mbwa wote wa njiani wana ndugu zao wa kuwalipizia kisasi. "Siku nikifa," alimwambia, "utakuja na basi, umekaa viti vya wajawazito."

Kisha mama yangu akafa.

Mtani ana kazi yake msibani. Sote tulikuwa tunamsubiri Zerbo aje alale mlangoni, azuie maiti isitoke, amwite mama mvivu aliyejisingizia kufa ili asipike, adai malipo, akokotwe miguu huku akipiga kelele. Hivyo ndivyo mtu mwenye watu wake anavyozikwa. Zerbo alikuja, akavua kofia, akalia. Akamshika baba mkono na kumwambia kwa adabu kubwa, "Poleni sana, mzee wangu. Mungu awape subira." Akaenda kukaa na wageni wengine. Mama aliyemlisha miaka yote hiyo akatolewa nje bila mtu wa kumzuia, kana kwamba tulikuwa tunamzika mpita njia tuliyemwokota barabarani.

Baba akamjibu kwa adabu ile ile. "Ahsante kwa kufika, bwana." Tangu siku hiyo pale kibandani ikawa habari za asubuhi, nzuri, na nyumbani wazima, wazima. Walidumu hivyo miezi michache. Zerbo akafunga sindano zake akarudi Tougan, na hawakuonana tena.

Mimi nilimchukia, na hapa sisemi kwa utani. Nilimchukia miaka saba. Baba alipofariki wakati wa mvua tukapanga karamu ya matanga yake ifanyike baada ya mavuno, kama desturi. Kaka yangu Nobila akatuma habari Tougan bila kuniuliza. Nilimwambia huyo mtu akithubutu kukanyaga hapa, atanijua.

Ya njiani nayajua kwa sababu ameyasimulia mpaka yametuchosha, na kwa kuwa Msamo hudanganya hata ndotoni, niliulizia miji ya njiani, Seguenega na Kongoussi. Mengi ni kweli.

Aliondoka Tougan na ile baiskeli nyeusi ambayo baba alimuundia, mfuko wa karanga, dumu la maji, kopo la gundi na viraka. Alikuwa ameamua kwamba safari hii atafanya kazi aliyoshindwa kuifanya kwa mama. Atamtukana Tibila mpaka wafu wengine waone wivu. Ila ilikuwa Januari, na Januari upepo hutoka upande wa Kaya. Ulimpiga kifuani tangu asubuhi. Alikanyaga pedali kwa nguvu zake zote na wazee wenye punda wakampita. Vumbi likamjaa puani, midomo ikapasuka, na barabara ilikuwa na mawimbi yaliyomtingisha hadi karanga zikamwagika mfukoni moja moja.

Kijiji cha kwanza cha Kimosi kilimpokea inavyostahili. Wanawake kisimani walisikia lafudhi yake, wakaikamata baiskeli kwa nyuma, wakatangaza kwamba wamemkamata mtumwa wao aliyetoroka. Mmoja akamwuliza amemficha wapi mbwa aliyepotea juzi. Hapo mtu anatakiwa kujibu. Hata mtoto angejibu. Zerbo alifungua mdomo, na kilichotoka ni, "Ahsanteni, mama zangu. Habari za hapa?"

Wale wanawake waliiachia baiskeli. Bibi mmoja akamwuliza taratibu kama anaumwa, au kuna mtu wao amemkosea. Wakamchotea maji kwa heshima, wakasimama mbali akinywa. Aliondoka pale ana aibu ya mtu aliyejikojolea mbele za watu. Miaka saba ya kukaa bila Tibila ilikuwa imemkausha ulimi, na sasa alikuwa anakwenda kumtukana maiti kwa ulimi mkavu.

Hadi anafika Ouahigouya alikuwa amepata pancha mbili za miiba. Alijaribu matusi njiani, peke yake, kwa sauti. Yalitoka ya kitoto. Alisema Tibila ana kichwa kikubwa, akajiona mjinga, akaacha.

Siku iliyofuata ilikuwa mbaya zaidi. Lori la vitunguu lilimpita karibu mno, likamrusha mtaroni. Alipoinuka, goti lilikuwa linavuja damu na gurudumu la mbele limepinda. Upepo haukupungua hata kidogo kwa heshima ya ajali. Zerbo akaipiga baiskeli teke, akaumia kidole, akakaa chini kwenye vumbi na kulia. Kisha akasimama akaugeukia upepo. Akauambia kwamba umelelewa na Wamosi, ndiyo maana una kichwa kigumu na huna pa kwenda. Akauambia kwamba mama yake alikuwa ushuzi wa punda wa Kimosi wa Yatenga. Anasema alisikia kitu kikifunguka kooni. Mimi nasema lilikuwa vumbi.

Aliibeba baiskeli begani hadi Seguenega, kwa fundi mmoja jina lake Tinga. Tinga alipogundua ni Msamo alimkalisha juani makusudi, akaita soko zima lije kuona mnyama wa porini aliyejifunza kuendesha baiskeli. Watu wakaja. Wakamwuliza kama breki zake zinabweka. Zerbo akawatazama mmoja mmoja, na safari hii haikutoka adabu. Alimwambia Tinga kwamba babu yake aliuzwa kwa Wasamo kwa kibuyu cha maharage, na Wasamo wakarudishiwa nusu ya maharage kwa sababu mali ilikuwa mbovu. Watu walicheka hadi muuza nyama akajikata kidole gumba badala ya mfupa, au ndivyo anavyodai Zerbo. Tinga aliinyoosha ringi bila kutaka faranga hata moja. Ila mtumwa haachiwi hivi hivi, kwa hiyo akamvua ndara ya mguu wa kulia, akaipigilia msumari ukutani kibandani. Iko pale mpaka leo. Nimeiona.

Basi akaendelea na ndara moja, mguu wa kulia mtupu juu ya pedali ya chuma. Na hapo, kwa mara ya kwanza, barabara ikamhurumia. Asubuhi akikaribia ziwa la Kongoussi upepo ulikuwa bado umelala, mteremko mrefu, bustani za maharage kijani pande zote mbili. Aliachia pedali, akashuka akiimba matusi ya kumtukana Tibila kwa sauti ya kanisani. Wanawake waliokuwa wakimwagilia waliacha ndoo wakamjibu. Wakamrushia maganda, kisha wakamrushia maharage, naye akaondoka ameshiba na mfuko umejaa. Anasema katika maisha yake yote hajawahi kuwa na furaha kama ile.

Kutoka hapo hadi Kaya ni vilima, na upepo ukaamka. Mnyororo ukakatika na hakuwa na wa akiba. Alisukuma. Akipata mteremko anapanda, anateleza hadi chini, anashuka anasukuma tena, mguu mtupu ukikanyaga kokoto za moto. Lakini hakunyamaza. Alikuwa na matusi kichwani yaliyopangwa vizuri, la kuanzia, la katikati, la kumlaza Tibila. Anasema alikuwa anaogopa jambo moja tu, asije akayasahau kabla ya kufika.

Aliingia kwetu alasiri, ngoma zikiwa zimepamba moto. Mwekundu wa vumbi kuanzia nyusi hadi magoti, anachechemea, anaisukuma baiskeli ambayo kila mtu aliijua. Akasimama mlangoni, akavuta pumzi, akafungua mdomo.

Sikumpa nafasi. Nilikuwa nimeshawaambia wote, kuanzia watoto, wampokee kwa adabu tupu. Nobila akamletea kiti, kile kizuri. Mimi nikaja na kibuyu cha maji ya unga wa uwele, ya tangawizi na sukari, tunayowapa wageni wakubwa. Nikapiga magoti mbele yake, nikainamisha macho, nikamnyooshea kwa mikono miwili.

"Karibuni sana, mzee. Poleni na safari."

Mdomo wake ulibaki wazi. Akatazama huku na huku. Wazee wakamwinamia vichwa kwa adabu. Watoto waliokaa kimya hivyo sijawaona tena.

"Talato," akaniambia. "Binti yangu. Nitukane."

"Mzee, hapa hatuna utani na wageni."

Akakaa kwenye kiti, kibuyu mapajani, hanywi. Nilimwona mguu wake mtupu unatoka damu kwenye udongo wetu, na nilifurahi. Nilifurahi kweli kweli. Nikasema moyoni, sasa unajua mama alivyotoka mlango huu.

Hapo akaingia Azeta.

Azeta ni mke wa Nobila, wifi yangu, mvivu, anayechuja pombe ya mtama kwa kuionja hadi iishe. Sikuwahi kumpenda. Lakini kwenye matanga ya mzee, mke wa mwanawe huvaa nguo za marehemu, hutembea kama yeye, husema kama yeye, na siku hizo hakuna tena Azeta. Ni marehemu mwenyewe amerudi kutuona, na neno lake hakuna wa kulipinga. Nilikuwa nimeonya kila mtu uani pale. Kumwonya baba sikukumbuka.

Alikuwa na shati la baba la mistari, kofia yake, pampu begani, kikohozi chake. Watoto wakamkimbilia wakimwita babu. Akawapita. Akawapita wazee. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye ile baiskeli nyeusi iliyoegemea ukuta, akainama, akaminya tairi kwa vidole viwili, akatema mate pembeni.

Kisha akamgeukia Zerbo. "We mtumwa. Nani kakupa kiti?"

Kibuyu kilimponyoka Zerbo, maji yakamwagika miguuni mwake. Akasimama.

"Nakusubiri miaka yote hii unitukane," akasema Azeta kwa sauti ya baba, ile ya kukwaruza, "unakuja kwangu kunywa uji?"

Matusi yote aliyoyabeba kutoka Tougan yalimpotea. Ameniambia mwenyewe, hakukumbuka hata moja. Alimtazama baba yangu ndani ya shati lile, kisha akasema, "Tibila, we mjinga. Hata kufa hukujua. Umekufa kabla sijafika."

Kicheko kiliripuka ua mzima. Ngoma zikashika. Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti. Lakini Zerbo hakusubiri kicheko kiishe. Alitoka akichechemea, akazunguka ghala la uwele hadi lilipo kaburi la mama, akajitupa juu yake kifudifudi, mikono na miguu ameitawanya.

"Sitoki!" akapiga kelele. "Mwanamke huyu amejisingizia kufa ili asinipikie. Miaka saba nina njaa. Nilipwe ndipo nitoke!"

Sauti ilimkatika mara mbili, lakini aliimaliza yote. Tulimfuata sote, watu wakalizunguka kaburi. Nobila akatia mkono mfukoni, na baba, yaani Azeta, akamzuia. Akanitazama mimi. Wote wakanitazama.

Nilitaka kumwacha pale juani hadi aoze. Nilitazama nyayo zake. Moja ilikuwa ndani ya ndara, nyingine imechanika, kokoto zimenasa kwenye nyama. Nikavua ndara yangu nikamrushia kwa nguvu zangu zote, ikampata kisogoni.

"Malipo yako hayo. Toka juu ya mama yangu, mla mbwa."

Zerbo hakugeuka. Aliipapasa ile ndara, akaitazama kwa jicho moja, uso wake umelowa, mchanga umemganda mashavuni. Akasema hii ni ya kushoto, na yeye anadai ya kulia, na Wamosi wamezoea kudhulumu.

Nikamshika miguu, nikaanza kumburuta.